SAA NANE ZILIZOPOTEA: UMBALI NA MUDA WA SAFARI YA NDEGE KATI YA NAIROBI NA NEW YORK

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahariri wa jarida letu waliponiomba makala, wengi chamani walitarajia nitunge shairi kama mwaka jana. Mwaka huu nimeona heri nilete somo. Ni somo la Hisabati na Jiografia, lakini mwisho wake utaona kuwa ni somo la Kiswahili pia. Nilijifunza kwa machozi, nawe nakuomba ujifunze bila machozi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika kisa hiki mjukuu ni mimi mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Januari mwaka huu tulimpoteza nyanya yetu, mamake mama. Sisi humwita kukhu. Kifungua mimba wake, yaani mjomba wangu, anaishi New York nchini Marekani. Wazee waliketi wakakata shauri kuwa maziko yawe Jumamosi, na kwamba kukhu hatazikwa kabla mwanawe hajamtazama uso.

Jumatano usiku mjomba akapiga simu. Kwa kuwa mimi ndimi ninayesifiwa nyumbani kwa Hisabati, nilipewa simu nisikilize na kuwaeleza wazee. Mjomba akasema:

"Nitapanda ndege kesho Alhamisi, saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Inakuja moja kwa moja hadi Nairobi. Safari ni ya saa kumi na nne. Mwambie mama yako asilie sana, nakuja."

Nikachukua karatasi na kalamu mbele ya wazee. Sita na ishirini na tano, jumlisha kumi na nne, ni ishirini na ishirini na tano. Toa kumi na mbili, inabaki nane na ishirini na tano. Nikatangaza kwa sauti ya mwalimu, "Atatua saa nane na dakika ishirini na tano usiku wa kuamkia Ijumaa!" Wazee wakaitikia. Mmoja akasema kweli karo ya mtoto huyu haikupotea.

Matatu ikakodishwa. Kutoka kwetu upande wa Kimilili hadi Nairobi ni kama kilomita 400. Baba na binamu yangu wakaondoka Alhamisi adhuhuri, wakafika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kabla ya saa sita usiku.

Saa nane ikafika. Mjomba hayupo. Saa tisa, wapi! Simu yake haipatikani. Huku nyumbani mama hakuonja usingizi. Kila baada ya dakika chache alinitazama, nami nilitazama karatasi yangu kana kwamba jibu lingebadilika. Ilipofika saa kumi alfajiri mama aliketi kwenye kigoda cha kukhu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama nimeshampoteza. Je, na ndugu yangu pia?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikasimama gizani.

Kule Nairobi, askari mmoja aliwahurumia akina baba akawauliza wanamngoja nani. Walipomwambia, alishangaa. "Mzee, ndege ya New York inaingia asubuhi, saa nne hivi. Nani aliwaambia saa nane?" Binamu ananiambia baba alinyamaza kimya. Hakutaka kusema ni mwanawe.

Mjomba alitua kama saa nne na nusu asubuhi ya Ijumaa, mzima wa afya, wala ndege yake haikuchelewa. Dereva wa matatu, ambaye alipatana nasi kurudi usiku uleule, alidai nyongeza, na pesa hizo zikatolewa kwenye mchango wa chakula cha waombolezaji. Walifika nyumbani saa mbili usiku. Mjomba alimwona mamake, na Jumamosi tukamzika.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jumatatu niliporudi shuleni nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa Hisabati, karatasi ile mkononi. Akaitazama, akasema, "Kujumlisha kwako ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba umewapa wazee wa Kimilili saa ya New York."

Haya basi, tuanze somo.

1. UMBALI: KWA NINI RAMANI YA UKUTANI HUDANGANYA

Mwalimu alinianzishia mbali. Aliniuliza, "Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?" Nikajibu kuwa nitapima.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kwenye latitudo ya digrii 1.32 Kusini na longitudo ya digrii 36.93 Mashariki. Uwanja wa John F. Kennedy wa New York uko digrii 40.64 Kaskazini na digrii 73.78 Magharibi. Kwa kuwa mmoja uko Mashariki na mwingine Magharibi, longitudo hujumlishwa: 36.93 + 73.78 = 110.71. Latitudo vilevile, maana mmoja uko Kusini mwa ikweta na mwingine Kaskazini: 1.32 + 40.64 = 41.96.

Nikafanya kama tulivyofundishwa katika Kidato cha Pili, kwa kanuni ya Pythagoras. Nilichukulia kila digrii kuwa kilomita 111, nikachora pembetatu yenye pembe mraba. Upande mmoja ulikuwa kilomita 12,289, mwingine kilomita 4,658, na mstari wa mshazari kilomita 13,142 hivi.

Mwalimu akatabasamu. Akatoa kabatini tufe la Jiografia, lile ambalo kigogo chake kimevunjika, na uzi wa kushonea. "Shika uzi hapa Nairobi. Mimi nauvuta mpaka New York. Tuukaze usilegee." Tukaupima kwa rula. Ulikuwa sentimita 28 hivi.

Tufe lile lina kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo mzingo wake ni sentimita 94.2. Dunia yenyewe, kwa hesabu zetu za shuleni, ina mzingo wa kilomita 40,040. Gawanya, utapata kuwa sentimita moja ya tufe ni kilomita 425. Basi 28 × 425 = kilomita 11,900. Uzi wa kushonea uliipiku pembetatu yangu kwa zaidi ya kilomita 1,200!

Kosa langu lilikuwa wapi? Digrii ya longitudo ni kama kilomita 111 ikiwa uko kwenye ikweta tu. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha za dunia, mfano wa mistari ya chungwa lililomenywa. Kwenye latitudo ya New York, digrii moja ya longitudo imepungua ikawa kama kilomita 84. Ramani ya ukutani huinyoosha mistari ile iwe na nafasi sawa, ndiyo maana inadanganya.

Kwa wanaopenda hesabu kamili, mwalimu alinionyesha kanuni yenyewe. Chukua latitudo mbili na tofauti ya longitudo, na latitudo ya Kusini uiandike kwa alama ya kutoa:

kosaini ya pembe = (saini ya latitudo ya kwanza × saini ya latitudo ya pili) + (kosaini ya latitudo ya kwanza × kosaini ya latitudo ya pili × kosaini ya tofauti ya longitudo)

Ukitumia kikokotoo utapata -0.283, ambayo ni pembe ya digrii 106.45 katika kitovu cha dunia. Sasa 106.45 ÷ 360 × 40,040 = kilomita 11,840. Huo ndio umbali mfupi kuliko wote kati ya viwanja hivi viwili juu ya uso wa dunia. Mstari wake huitwa mstari wa duara kuu.

Mstari huo ulinishangaza. Unatoka Nairobi ukielekea Kaskazini-Magharibi, unakata ikweta humu humu Kenya, kisha unaingia Uganda karibu na Mlima Elgon. Naam, unapita karibu sana na kwetu Kimilili! Halafu unafuata Sudan Kusini, Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko, ndipo unaingia Bahari ya Atlantiki. Baharini unapanda hadi latitudo ya digrii 42 Kaskazini, yaani juu kuliko New York yenyewe, kisha unashuka kuukuta mji. Kwenye ramani ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda kama upinde, na mtu angedhani rubani amepotea. Kwenye tufe, uzi umenyooka. Bila shaka marubani hawafuati uzi huo hatua kwa hatua, maana kuna pepo, dhoruba na anga zilizofungwa. Lakini kila mchepuko hupimwa kwa kulinganishwa na uzi huo.

2. MUDA: MWENDO WA NDEGE NA NGUVU ZA UPEPO

Tunajua sote kuwa muda ni umbali kugawanywa kwa mwendo. Ndege kubwa kama Boeing 787 huenda kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Basi 11,840 ÷ 900 ni saa 13 na dakika 9 hivi.

Lakini Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 Dreamliner yenye viti 234, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Je, kikokotoo changu kiliharibika? La hasha. Kuna sababu tatu.

Kwanza, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Ndani yake kuna kutambaa ardhini, kupanda polepole na kushuka polepole. Ni kama matatu ya Kimilili hadi Nairobi. Spidomita yaweza kuonyesha 80, lakini mbona kilomita 400 zinakula saa nane? Kuna kupakia, kushusha, matuta na msongamano.

Pili, njia halisi si uzi mtupu, kama nilivyosema.

Tatu, upepo. Katika latitudo za katikati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege hizi hupaa, huvuma mkondo wa upepo mkali kutoka Magharibi kwenda Mashariki. Mara nyingi kasi yake huzidi kilomita 100 kwa saa. Ndege inayokwenda New York huupinga, ile inayokuja Nairobi husukumwa nao. Wenzangu wa karibu na Mto Nzoia wanalijua jambo hili. Kuogelea kufuata maji na kuogelea kupinga maji si kazi moja, hata kama mikono ni ileile.

Tugawanye tena. Kwenda: 11,840 ÷ 15 = kilomita 789 kwa saa. Kurudi: 11,840 ÷ 14 = kilomita 846 kwa saa. Huo ndio mwendo wa wastani tukiuchukua umbali wa uzi.

Hapa rafiki yangu mmoja darasani aliuliza swali ambalo najua wengi mnalo. "Dunia inazunguka kutoka Magharibi kwenda Mashariki. Kwenye ikweta inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Kwa nini ndege isipande juu ikae palepale, ingoje New York ifike chini yake?" Tulicheka, lakini swali ni zuri. Jibu ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Nzi akiruka ndani ya matatu inayokimbia, habaki nyuma akagonga kioo, maana hewa ya ndani inasafiri na gari. Kwa hiyo kinachochelewesha ndege ya kwenda Magharibi ni upepo. Mzunguko wa dunia wenyewe haumpunguzii wala haumwongezei rubani njia.

3. SAA: PALE NILIPOANGUKA

Sasa tumefika kwenye karatasi yangu.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Tofauti ya longitudo ni digrii 110.71. Ukizidisha kwa 4 utapata dakika 443, ambazo ni saa 7 na dakika 23. Maana yake, jua likiwa utosini Nairobi, New York itangoja zaidi ya saa 7 ndipo ione jua hilo utosini.

Lakini nchi hazipangi saa kwa dakika 23. Ebu fikiria Mombasa na Kisumu zikiwa na saa tofauti! Kwa hiyo nchi huchagua mstari mmoja wa longitudo. Saa ya Kenya hufuata digrii 45 Mashariki, na saa ya New York hufuata digrii 75 Magharibi. Jumlisha: 45 + 75 = 120. Gawanya kwa 15: unapata 8. Kenya imetangulia New York kwa saa 8.

Kuna mtego mwingine. Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja mwezi wa Machi, na kuzirudisha nyuma mwezi wa Novemba. Katika miezi hiyo ya katikati tofauti huwa saa 7. Kukhu alifariki Januari, kwa hiyo tofauti ilikuwa 8.

Tusahihishe karatasi yangu. Mjomba alipaa Alhamisi saa 6:25 mchana, saa ya New York. Wakati huohuo sisi Kimilili tulikuwa saa 2:25 usiku, maana 6:25 + 8 ni 14:25, na ukitoa 12 inabaki 2:25. Kuanzia hapo jumlisha saa 14 za safari: 2:25 + 14 = 16:25. Toa 12, inabaki 4:25. Saa nne na dakika ishirini na tano, asubuhi ya Ijumaa. Ndivyo alivyosema yule askari bila kalamu wala karatasi.

Kumbe saa 8:25 usiku nilizowatangazia wazee zilikuwa kweli, ila ni saa ambayo watu wa New York walikuwa wakiiona ukutani kwao mjomba alipokuwa akitua Nairobi. Kosa langu lilikuwa saa 8 kamili. Ndizo saa ambazo mama aliketi kwenye kigoda.

Mwalimu alinipa na njia ya kujikagua. Tuseme ndege inaondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kuingia New York saa 12:25 asubuhi. Ukitazama saa za ukutani tu, utadhani imechukua saa 7. Nyingine inaondoka New York saa 6:25 mchana na kuingia Nairobi saa 4:25 asubuhi kesho yake. Utadhani ni saa 22. Jumlisha: 7 + 22 = 29. Sasa jumlisha muda halisi: 15 + 14 = 29. Tofauti ya saa hujifuta yenyewe, maana kilichopunguzwa wakati wa kwenda huongezwa wakati wa kurudi. Ukiona jumla hizi mbili hazilingani, jua umekosea mahali.

4. LUGHA YETU NA SAA

Wanachama wenzangu, hapa ndipo Kiswahili kinapoingia.

Katika lugha yetu neno "saa" lina kazi tatu. Ni kile chombo cha mkononi au ukutani. Ni kipimo cha muda, kama "safari ya saa nane". Tena ni wakati wa siku, kama "njoo saa nane". Mtu akikuambia "saa nane" tu, huenda hujui kama anakupa muda au wakati. Ndiyo maana mitaani watu husema "masaa nane" wakitaka kutaja muda. Mwalimu wetu wa Kiswahili hulikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, nami simpingi! Lakini sasa nafahamu kwa nini watu wanalihitaji. Ushauri wangu ni kuwa tuseme "muda wa saa nane" tunapotaja urefu wa safari, na tunapotaja wakati tuongeze "asubuhi", "mchana", "jioni" au "usiku".

Tena saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Kwetu hesabu hii inafaa sana, kwani tuko jirani ya ikweta na jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. New York sivyo. Mwishoni mwa Juni jua huko hutua kama saa mbili na nusu usiku, na mwishoni mwa Desemba hutua kama saa kumi na nusu jioni. Mjomba anasema mwaka wake wa kwanza alitoka kazini saa kumi na moja jioni akakuta giza, akadhani saa yake imeharibika.

Kwa hiyo Mswahili anayetaja saa ya safari ana kazi mbili. Lazima ahamishe saa 6 kati ya saa ya tikiti na saa ya Kiswahili, na lazima ahamishe tofauti ya nchi na nchi. Mjomba alinifanyia kazi ya kwanza alipogeuza 12:25 ikawa saa sita na dakika ishirini na tano. Nikadhani amenifanyia na ya pili. Sikuuliza. Swali moja tu, "Mjomba, hiyo ni saa ya huko au ya huku?", lingempa mama usingizi.

5. HATUA ZA KUFUATA

Ukiambiwa mgeni wako yuko njiani kutoka mbali, fuata hatua hizi:

(a) Uliza saa ya kuondoka, na uulize ni saa ya mji gani.
(b) Tafuta tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili katika mwezi huo.
(c) Geuza saa ya kuondoka iwe ya nyumbani kwako kwanza.
(d) Ndipo ujumlishe muda wa safari.
(e) Angalia kama umevuka usiku wa manane, ili usikosee siku.
(f) Mwisho, linganisha jibu lako na saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tikiti, ambayo huwa ni saa ya mji anaotua.

Hatua ya (f) ingetosha peke yake. Nilipomuuliza mjomba baadaye, alinionyesha tikiti. Saa ya kutua Nairobi ilikuwa imeandikwa waziwazi. Angenisomea kama ningemwomba.

6. MAZOEZI

(i) Ndege inaondoka Nairobi Jumapili saa 5:25 usiku, mwezi wa Julai, na safari ina muda wa saa 15. Itatua New York saa ngapi kwa saa ya huko, na siku gani?

(ii) Mombasa iko karibu na digrii 39.7 Mashariki na Kisumu karibu na digrii 34.7 Mashariki. Jua huwa utosini Mombasa dakika ngapi kabla ya Kisumu?

(iii) Huna tufe? Tumia mpira wa kandanda wenye mzingo wa sentimita 70. Uzi wa kutoka Nairobi hadi New York utakuwa sentimita ngapi?

Majibu: (i) Jumatatu, saa 1:25 asubuhi. (ii) Dakika 20. (iii) Kama sentimita 20.7.

TAMATI

Kabla mjomba hajarejea Marekani, nilimwomba msamaha mbele ya mama. Mjomba alicheka, akasema hata yeye aliwahi kumpigia kukhu simu saa tisa usiku akidhani huku ni jioni, na kukhu akapokea bila kununa, akamuuliza kama amekula. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu maziko.

Siku aliyosafiri kurudi, mama aliniita uani. "Hebu niambie, atafika saa ngapi?" Nilifuata hatua zote, (a) hadi (f), nikampa saa mbili: ya huko na ya huku. Niliziandika kwa herufi kubwa kwenye kadibodi, tukaibandika kando ya picha ya kukhu. Usiku huo nilitoka nje nikatazama juu kuelekea Mlima Elgon. Sikuona ndege, ila nilijua mahali uzi unapopita.

Simu ya mjomba ililia kesho yake mchana. Mama aliitazama kadibodi kabla ya kupokea, akaniambia, "Safari hii karatasi yako imesema kweli."

Mpenzi msomaji, kuuliza si ujinga. Hapa ndipo ninapoiweka kalamu yangu chini.